Ubao wa Siku Bila Ajali

Kibanzi kilimwingia Katibu kwenye kiganja cha mkono wa kulia saa tatu na robo asubuhi, siku ya mia tatu hamsini na tisa bila ajali. Siku hiyo aliijua kuliko mtu yeyote, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika ubaoni alipoingia kazini saa moja. Hakuwa katibu wa chama wala wa kijiji. Alikuwa fundi wa fremu katika kiwanda cha milango, na jina hilo alipewa na wenzake kwa ajili ya mwandiko wake, mwandiko mzuri kiasi kwamba meneja alisema ni dhambi kumwachia mtu mwingine chaki.

Alikuwa akisukuma ubao uliotiwa dawa ya mchwa, ile ya kijani, kuelekea kwenye msumeno. Ubao uliteleza, na kipande chembamba chenye urefu wa kidole kikazama chini ya kidole gumba. Hakupiga kelele. Alichofanya, na hili linanikera hadi leo, ni kugeuka kutazama ule ubao mweusi wa pale langoni kabla ya kuutazama mkono wake.

TUMEFANYA KAZI SIKU 359 BILA AJALI. Zikitimia 365, kila mfanyakazi angepewa mabati kumi. Meneja alikuwa ameahidi hivyo mwaka uliopita, na sasa ahadi yenyewe ilikuwa inaingizwa kwenye mpango mpya wa kuzuia ajali na magonjwa kazini. Wanunuzi wa milango walitaka kuuona mpango huo, na ule wa zamani panya walikuwa wameula hadi ukurasa wa tisa. Jeraha lolote la kazini likitokea kabla ya siku kutimia, namba ingerudi sifuri na mabati yangebaki dukani. Wafanyakazi walikuwa themanini na wanne.

"Kaza meno," alisema Msasa. Huyu alikuwa mtu wa kulainisha milango kwa msasa, ndugu yake wa kazi kwa miaka kumi na moja. Alikuwa na kikohozi cha vumbi kilichokuwa na umri wa miaka mitatu, ambacho hakuna aliyewahi kukihesabu kwa kuwa kikohozi hakimwagi damu sakafuni. Aliushika mkono wa mwenzake na kukivuta kibanzi kwa koleo. Kilitoka nusu.

"Kimekatikia ndani," Katibu alisema.

"Kitatoka chenyewe. Halafu hii si ajali bwana, ni mwiba. Ajali ni mtu kubebwa."

Mafundi watatu waliokuwa karibu walikubaliana upesi, kama wazee wa baraza wanaotaka kuwahi chakula, kwamba mwiba si ajali. Mmoja alimimina mafuta ya taa kwenye kidonda. Mwingine alichota maranda kwa mikono miwili akayamwaga juu ya matone ya damu. Katibu akajifunga kitambaa, akarudi kwenye msumeno.

*

Jioni alishika kijiko kwa mkono wa kushoto. Binti yake wa darasa la sita alicheka. "Baba, leo unakula kama mtoto."

Mkewe hakucheka. Alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule barazani, na macho yake yalikuwa yamezoea kutafuta uzi uliokatika. Aliinama, akauvuta ule mkono uliofichwa chini ya meza na kuufungua kitambaa.

"Nini hii?"

"Mwiba."

"Mwiba wa mti gani unaomtoa mtu jasho akila wali?"

Aliichoma sindano kwenye moto, akachokonoa. Katibu aling'ata kola ya shati. Sindano iligonga kitu kigumu ndani kabisa, kikateleza, kikazidi kuingia. Mkewe aliweka sindano chini.

"Kesho asubuhi zahanati, kabla ya kazi."

"Wataniuliza nimeumia wapi. Nikisema kazini wanajaza fomu, fomu inakwenda kiwandani, namba inarudi sifuri. Siku sita zimebaki, mama. Siku sita! Nitaingiaje pale langoni? Watu themanini na watatu wanitazame kama mchawi?"

Mkewe alitazama juu. Bati lao lilikuwa na matundu mengi, na kila mvua ilipokuja walipanga mabeseni matatu, moja juu ya cherehani. Mwezi uliopita maji yalikuwa yameharibu sare kumi na mbili za watu. Tusimhukumu haraka kwa neno alilolitoa hapo, ingawa yeye mwenyewe amelihukumu kila siku tangu hapo.

"Basi sema umeumia nyumbani. Ulikuwa unapasua kuni."

Asubuhi, kule zahanati, muuguzi aliuliza swali lile lile walilolitarajia. Mkewe akajibu kwa niaba ya Katibu. Muuguzi aligeuza kiganja kwenye mwanga.

"Kuni gani hizi zenye ukijani?"

"Mabaki tu ya mbao," alisema mkewe.

Muuguzi aliandika kwenye kadi: Ameumia nyumbani, kuni. Akawapa vidonge vya siku tano, na akawaambia warudi mara moja uvimbe ukivuka kifundo cha mkono.

*

Siku ya mia tatu sitini na moja wafanyakazi wote waliitwa uwanjani kusomewa mpango mpya. Aliyeuandika alikuwa Afisa Usalama, dada msomi aliyekuwa na miezi minne kazini. Alikuwa amekesha na kurasa zake arobaini na sita, na nadhani aliziamini. Meneja alimpa nusu saa kwa sababu mashine zikinyamaza zaidi ya hapo ni hasara.

Kwa hiyo alisoma mbio. Ukurasa wa kumi na mbili ulisema hakuna ruhusa kulainisha mbao bila barakoa. Barakoa zenyewe zilikuwa kwenye boksi ofisini, zikisubiri wageni. Msasa alikohoa katikati ya ukurasa huo na watu wakacheka. Ukurasa wa thelathini na moja ulisema jeraha lolote lisiporipotiwa kwa Afisa Usalama ndani ya saa ishirini na nne halitahesabika kuwa la kazini. Aliusoma kwa sauti ile ile aliyosomea mahali pa kuegesha baiskeli.

Kisha wakapanga foleni kutia saini. Katibu alipofika mezani, mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa ovaroli, na saini aliyoitia ilipanda mlima ikashuka bonde.

"Kaka, kwani unatumia kushoto?"

"Huyu mashoto tangu tumboni, dada," alidakia Msasa nyuma yake. Foleni nzima ikacheka.

Afisa Usalama hakucheka. Kwa miezi minne alikuwa amempita mtu huyu kila asubuhi akiandika ubaoni, na alijua ni mkono upi ulioshika chaki. Aligeuka kuitazama namba ya siku hiyo. Moja yake ilikuwa imeinama, sita ikiwa na kichwa kikubwa kuliko mwili. Akashusha sauti.

"Kama kuna jambo, njoo ofisini kwangu. Iwe leo, kaka, isiwe kesho."

Katibu aliinua macho. Nyuma ya dada huyo, na pembeni, na kwenye ngazi za stoo, watu walikuwa wameacha kucheka. Mpaka rangi wa upande wa vanishi, mama wa watoto watano, alikuwa ameweka kiganja kifuani.

"Hakuna jambo, dada."

Wakati huo meneja alitoka na mpiga picha. Walitaka picha ya ubao iwe kwenye jalada la mpango. "Katibu!" meneja aliita. "Leo ulilala wapi? Namba imepepesuka kama mlevi!" Watu walicheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili, wakacheka kwa nguvu, kama watu wanaofukuza nyuki. Mpiga picha alikuwa na haraka. Alipiga namba jinsi ilivyokuwa.

*

Siku mbili baadaye Msasa alifika nyumbani kwa Katibu alasiri na pakiti mbili za maziwa. Alimkuta mwenzake amelala kitandani na mkono juu ya mto. Ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, ngozi imevutika inang'aa, na chumba kilikuwa na harufu ambayo Msasa alijitia kutoisikia. Siku hizo zote wenzake walikuwa wakimfanyia kazi kwa zamu. Walimsimamisha tu nyuma ya msumeno, asionekane kuwa hayupo.

"Nampeleka hospitali kubwa sasa hivi," mke wa Katibu alisema. "Na nitasema kweli."

"Shemeji, keshokutwa tu. Namba inatimia, tunambeba wenyewe mabegani."

"Muuguzi alisema ukivuka kifundo turudi. Umevuka jana."

"Watu wameshanunua misumari, shemeji."

"Misumari?"

"Ya mabati. Wengine wameshaezua paa la zamani. Yule mama mpaka rangi amelala na watoto chini ya turubai tangu juzi." Msasa alikohoa, akageukia ukuta hadi kikohozi kilipokwisha. "Mimi sikatai, mkono unauma. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Tumefika hapa kwa kushikana."

"Ninyi mna vidole zaidi ya mia nane," alisema mkewe. "Huyu ana kumi. Na wewe umekuja na maziwa kuomba vyake."

Msasa aliinamisha kichwa. Alikuwa ameona haya kweli, hilo siwezi kumnyima. Lakini hakuondoka, na hakusema mpeleke.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mkewe akasema, sasa akimwambia mumewe. "Inuka."

Katibu alifumbua macho. Yalikuwa mekundu. "Kesho nitaandika," alisema. "Kesho mia tatu sitini na nne. Keshokutwa naandika ya mwisho, tunakwenda. Nimeianza mimi, mama watoto. Usinifanye niwe mtu aliyewavunjia watu nyumba."

Mkewe angeweza kumlazimisha. Angeweza kwenda barabarani akapiga mayowe, majirani wakaja wakambeba. Amelirudia hilo mara nyingi, akishona, akipika. Siku ile alikaa ukingoni mwa kitanda, akachovya kitambaa kwenye maji na kumwekea mumewe kwenye paji la uso, na mvua ilipoanza alinyanyuka kwenda kupanga mabeseni.

*

Katibu aliandika tatu, akaandika sita. Alipomaliza kuandika nne, chaki ilimponyoka na yeye akaifuata chini.

Mlinzi wa lango alikwishafungua daftari la kutoka na kuingia, kwa maana mtu akitolewa mgonjwa ilibidi aandikwe. Msimamizi wa zamu alilifunga daftari kwa kiganja. "Hajatoka," alisema. Wakamlaza Katibu kwenye mkokoteni wa kubebea maranda, wakamfunika gunia, wakampitisha mlango wa nyuma ambao hauna mlinzi wala daftari. Msasa ndiye aliyesukuma, akikimbia, akikohoa, akisema, "Vumilia ndugu yangu, vumilia," kwa mtu ambaye hakuwa akimsikia.

Hospitali kubwa daktari hakuwa na maneno mengi. Sumu ilikuwa inapanda, na ili kumwokoa mtu ilibidi wautoe mkono. Walimpa mkewe karatasi ya kukubali.

"Ni huu wa kuandikia?" aliuliza, ingawa alikuwa anauona.

"Ni wa kulia, mama."

Alitia saini. Waliukata chini kidogo ya kiwiko.

Kesho yake namba iliandikwa na mtunza stoo. Meneja alihutubia, wakapiga makofi, na gari likaanza kugawa mabati mtaa kwa mtaa. Lilipofika kwa Katibu, binti alikuwa peke yake. Dereva alitaka mtu wa kutia saini, naye akaandika jina la baba yake kwa mwandiko ule ule wa mviringo aliourithi. Mabati kumi yakaegemezwa ukutani. Mama yake alirudi jioni na nguo za mgonjwa mkononi, akayakuta pale, akapita bila kuyagusa.

*

Siku ya mia tatu sabini na tisa mke wa Katibu alikwenda kiwandani. Mlangoni mwa ofisi ya meneja aliambiwa avue viatu kwa kuwa sakafu ilikuwa imepigwa vanishi jana yake. Meneja alikuwa amevaa vyake. Akasimama peku mbele ya meza, kadi ya zahanati, barua ya daktari na maombi ya fidia yakiwa kwenye mfuko wa plastiki. Afisa Usalama alikaa pembeni.

"Mama, pole sana," meneja alianza. "Sisi tumeumia kama wewe. Lakini fidia ni ya ajali, na hapa ajali hakuna. Soma, dada."

Afisa Usalama alifungua mpango mpya na kusoma ukurasa wa thelathini na moja. Safari hii alisoma polepole.

"Aliutia saini mwenyewe," meneja alisema. "Halafu hii kadi. Ameumia nyumbani, kuni. Nani aliyewaambia hivyo?"

"Mimi."

"Umeona sasa."

Mama alikuwa amejiandaa kwa hilo. Aliomba kijitabu, akakifunga, akawawekea jalada mbele. Katika picha ubao ulisomeka 361, moja imeinama, sita ina kichwa kikubwa.

"Huo si mwandiko wa mume wangu. Mume wangu ameandika hapo mwaka mzima, na ninyi nyote mnamjua. Huo ni mwandiko wa mtu aliyeumia mkono wa kulia. Mmeupiga picha. Mmeuweka mbele ya kitabu chenu cha kuzuia ajali."

Afisa Usalama aliitazama ile picha, shingo ikamlegea. Meneja naye aliitazama, kwa muda mrefu zaidi.

"Sawa," alisema hatimaye. "Tuseme ni kweli. Basi siku ya picha alikuwa na jeraha la siku mbili, akasimama pale akasomewa sheria, akatia saini, na bado akaficha. Hiyo inamsaidia au inamzika? Na ikiwa kulikuwa na ajali, mama, mabati ya watu wote themanini na wanne ni batili. Itabidi niwakate kwenye mishahara. Nenda ukawaambie."

Kisha akalegeza sauti. "Lakini mtu wetu hatumtupi. Akipona arudi. Atafagia langoni na kuandika namba kila asubuhi, kwa mkono uliobaki. Kibarua si kikubwa, lakini mezani hamtakosa kitu. Atatia saini barua tu kwamba aliumia nyumbani, kama ulivyosema mwenyewe."

Alipokuwa akivaa viatu nje, Afisa Usalama alimfuata. "Mama, nilimwambia aje ofisini."

"Ulimwambia," mama alisema. "Na ulipoona haji, ukafanya nini?"

Akavaa kiatu cha pili, akaondoka.

*

Kwa wiki tatu Katibu alijifunza kuandika upya. Binti alimpa madaftari yake ya zamani na kukaa pembeni na penseli nyekundu. "Baba, sifuri yako ina kitambi," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali nyumba hiyo ilicheka. Akamsahihisha sifuri, akamsahihisha nane. Barua ya meneja ilikuwa juu ya kabati la vyombo, haijatiwa saini.

"Wewe unasemaje?" Katibu alimwuliza mkewe.

"Siwezi kukuambia usile. Cherehani peke yake haitutoshi, unajua." Alikata uzi kwa meno. "Lakini uongo wa kwanza niliusema mimi, kwa mdomo wangu huu. Wa pili useme wewe ukitaka. Mimi wangu umekwisha."

Baadaye Katibu alimwomba amtafutie lile kopo dogo la rangi nyeupe ya mafuta walilobakiza walipopaka dirisha.

Asubuhi aliyorudi kiwandani pamoja na mkewe, wafanyakazi walikuwa wamekusanyika langoni kuitwa majina. Mtunza stoo alikuwa ameacha namba ya jana, 400, na chini yake sasa palikuwa na maandishi mapya: zikitimia 730, kila mtu tangi la maji. Watu walimwamkia Katibu kwa sauti za chini. Mpaka rangi alitaka kumshika mkono, akasita asijue ashike wapi. Msasa alisimama nyuma ya wote.

Meneja alimpa chaki. Katibu aliitia mfukoni. Akaifuta mia nne kwa mkono wa shati, ule uliokuwa mtupu na umekunjwa kwa pini. Mkewe akafungua mkoba, akamfungulia kopo na kumshikia. Katibu alichovya brashi. Aliandika taratibu, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto wa shule, na sifuri ilipokamilika ilikuwa imejaa nafasi yote, imeviringika vizuri, bila kitambi.

TUMEFANYA KAZI SIKU 0 BILA AJALI.

"Jamani!" mtu aliguta kutoka nyuma. "Mabati yetu!"

"Tumekukosea nini, Katibu?" mwingine aliuliza, na kilichouma ni kwamba alikuwa anauliza kwa dhati.

"Futa," meneja alisema. Kisha, "Kazi huna. Umesikia? Huna kazi."

"Hata mkono sina," Katibu alijibu. Akaitoa ile barua mfukoni, bila saini vile vile, akaiweka kwenye kiti cha mlinzi.

Meneja aliangaza macho, akampata aliyemtafuta. "Msasa! Njoo ufute."

Msasa alikuja. Alikuwa na mabati kumi yaliyokwisha kupigiliwa misumari, watoto wanne chini yake, na mshahara ambao hata bila kukatwa haukufika mwisho wa mwezi. Alisugua kwa kitambaa, rangi ikachafuka pembeni tu, sifuri ikabaki. Akasugua tena. Mkewe Katibu alimtazama mgongo ukipanda na kushuka.

"Kalete msasa wako," meneja akasema.

Akaenda, akarudi na kipande cha msasa wa kukwangua milango, akaanza. Hakumtazama Katibu. Katibu alimtazama yeye mwanzo hadi mwisho, bila hasira, kama mtu anayesoma kitu alichokiandika mwenyewe. Vumbi la rangi na la ubao lilimrukia Msasa usoni, kikohozi kikamkamata, akainama, akakohoa hadi magoti yakagusa chini, akainuka, akaendelea. Afisa Usalama alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi na daftari la ajali kifuani, jipya, halijawahi kuandikwa kitu. Kalamu ilikuwa mkononi. Hakulifungua.

"Twende," Katibu alimwambia mkewe.

Walifika nje ya lango, mkewe akasimama. Alirudi peke yake, akapita katikati ya wale watu themanini na kitu waliomwachia njia, akavua mtandio kichwani na kumnyooshea Msasa.

"Jifunge pua, shemeji," alisema. "Vumbi hilo halihesabiwi."

Msasa aliupokea, akajifunga, akaendelea kukwangua.